Kabla Hamjaandika Faini, Muulizeni

Hii ni hotuba niliyoitoa Korogwe, mkoani Tanga, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa vikoba, vikundi vyetu vya kuweka hisa na kukopeshana, vya mjini na vijiji vya jirani. Wanachama ambao hawakufika, wengine wakiwa shambani na wengine wakiuguza, wameomba waipate yote. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa vikundi, mashehe na wachungaji mliotufungulia kwa dua na sala, wanachama wenzangu, na ninyi vijana wetu wa bodaboda mliosimama nje kwenye kivuli, sogeeni ndani, nafasi ipo. Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Vikoba, oyee!

Nimekuwa muuguzi tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, na miaka mingi ya mwisho niliimalizia kwenye kliniki ya afya ya akili. Katibu aliponipigia simu alisema, "Dada, njoo utuambie kuhusu presha na sukari, maana wanachama wanaanguka." Nimekuja. Presha nitaisema, na sukari nitaisema. Lakini nitagusa na mambo ambayo mkienda kupima hamuulizwi: unalala saa ngapi, unadaiwa na nani, nyumbani mnaongea au mmenuniana, na usiku wenzako wakishalala wewe unawaza nini.

Ni nani humu amewahi kuulizwa hayo pale mezani pa kupimia presha? Nyoosheni mikono. Naona mkono mmoja wa mama pale mbele, na wa pili kule mwisho. Basi.

Mwaka 1946, dunia ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye Vita Kuu ya Pili, mataifa yalikutana New York yakaandika katiba ya Shirika la Afya Duniani. Ilianza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, ndiyo maana tarehe hiyo kila mwaka ni Siku ya Afya Duniani. Katiba ile inaanza kwa kueleza afya ni nini. Inasema ni ukamilifu wa mwili, wa akili na wa maisha ya mtu na wenzake, na kwamba kukosa ugonjwa peke yake hakutoshi kuitwa afya. Hayo yaliandikwa kabla wengi wetu humu hatujazaliwa. Lakini nendeni leo kwenye foleni ya kliniki mkaone: mkono unafungwa mpira wa mashine, namba inasomwa, dawa inaandikwa, anayefuata! Siwalaumu wauguzi wenzangu. Foleni ni ndefu, mhudumu ni mmoja, na anayefuata amebeba mtoto mwenye homa. Ninachosema ni kwamba yale mengine yote, ambayo hayakuulizwa, mgonjwa anarudi nayo nyumbani, na nyumbani ndiko tuliko sisi.

Niwape kisa cha mama mmoja, jina silitaji. Alikuwa anauza vitumbua karibu na stendi. Alikuja presha ikiwa 180 kwa 110. Akapewa dawa. Mwezi uliofuata, ile ile. Akaongezewa dawa. Ile ile. Kwenye faili lake palikwishaandikwa kwamba hafuati masharti. Siku hiyo nikamwambia, mama, hebu nionyeshe dawa zako. Akafungua mkoba, akatoa mfuko mdogo wa plastiki. Ndani mlikuwa na noti za elfu moja moja zilizokunjwa, zimeshika unga wa mchele, na kati ya noti hizo bahasha ya dawa. Nikaimimina kiganjani. Vidonge vyote vilikuwa vimekatwa nusu. Vimekatwa kwa kisu, kwa uangalifu, nusu na nusu sawasawa.

Nikamuuliza, kwa nini? Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la mtoto. Akasema, "Dada, Ijumaa ni marejesho."

Nyie mnajua marejesho. Hakuna asiyejua humu. Mama yule alikuwa na mikopo miwili. Wa kwanza aliuchukua kulipia ada ya mtoto. Uliposhindikana akachukua wa pili, ule wa riba kali tunaouita kausha damu, ili alipe ule wa kwanza. Mumewe alijua mkopo mmoja tu. Kila wiki wale wakopeshaji wanakuja wanakaa barazani kwake, majirani wanaona, na walikwishamwambia kwamba wiki atakayokosa wanabeba godoro na televisheni. Kwa hiyo dawa ya mwezi mmoja aliifanya ya miezi miwili, ili abaki na hela ya mchele na mafuta. Alikuwa analala saa tano usiku na kuamka saa nane akasage mchele. Na hizo saa tatu za katikati hakuwa analala kweli. Aliniambia, "Pikipiki ikipita tu barabarani, moyo unanilipuka."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ilipo presha. Mbwa akikufukuza, mwili una akili yake. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga homoni, adrenalini kwanza, halafu kotisoli. Moyo unapiga kwa nguvu, mishipa inabana, sukari inamwagwa kwenye damu ili miguu ipate nguvu ya kukimbia. Ukishaingia ndani ukafunga mlango, baada ya muda vyote vinatulia. Mungu katuumba hivyo na ni vizuri, bila hivyo tungeliwa na simba zamani. Lakini anayekufukuza akiwa ni Ijumaa? Ijumaa ya wiki hii, na ya wiki ijayo, na ya mwezi ujao? Mlango wa kufunga uko wapi? Mwili unabaki umejiandaa kukimbia mchana na usiku, miezi na miezi. Usingizi unakatika. Presha inapanda, sukari inapanda, kinga ya mwili inashuka. Na mtu yuko pale pale amekaa, anakaanga vitumbua.

Msitoke hapa mkasema muuguzi kasema presha ni mawazo tu. Sijasema hivyo! Presha inatoka kwenye chumvi, kwenye unene, kwenye pombe na sigara, kwenye umri, kwenye ukoo. Dawa ya presha inamezwa kila siku, nzima, hata siku unayojisikia mzima. Nasema kwamba mawazo ni moja ya mambo yanayoipandisha, na ndiyo mara nyingi yanayomfanya mtu aache dawa, na hilo halimo kwenye mashine.

Mama yule tulimsaidiaje? Alimwambia mumewe kuhusu mkopo wa pili, dada yake akiwa amekaa hapo pembeni, kwa sababu peke yake alikuwa anaogopa. Mume alikasirika siku mbili, ya tatu akaanza kuhesabu naye madeni. Kikundi chake cha kikoba kikamkopesha akalipa kausha damu yote, akabaki na deni moja, la watu wanaomjua. Dawa zilikuwa zile zile, ila sasa zikawa nzima. Ndani ya miezi michache presha ikawa 140 kwa 90, na ilikuwa inaendelea kushuka nilipomwona mara ya mwisho. Nawauliza: pale kwenye tiba, kikoba kilikuwa na mchango au hakikuwa nao?

Kuna mwanasayansi wa Marekani anaitwa Robert Sapolsky. Alikuja Kenya akiwa kijana na akarudi mwaka hadi mwaka, miongo mingi, kuwachunguza nyani wa Masai Mara. Alikuwa anawapiga sindano ya usingizi kwa mrija wa kupuliza, halafu anachukua damu yao na kupima zile homoni nilizozitaja. Akakuta nyani wanaoonewa na wenye vyeo wana kotisoli nyingi mwilini. Akakuta pia kwamba wenye marafiki, wanaokaa wakachambuana manyoya, wana nafuu. Halafu likatokea jambo. Katikati ya miaka ya 1980 kundi moja liliingiliwa na kifua kikuu kutoka kwenye nyama iliyotupwa jalalani kwenye hoteli ya watalii. Waliokufa ni madume makorofi, maana ndiyo waliokuwa wanakwenda kugombania nyama hiyo. Wakabaki majike, watoto na madume wapole. Kundi likatulia, na wanyonge wa kundi hilo hawakuwa tena na zile dalili mwilini walizonazo wanyonge wa makundi mengine. Miaka ikapita, wakaja madume wageni kutoka nje. Wakajifunza upole wa kundi hilo.

Ikiwa kuonewa kunaingia mpaka kwenye damu ya nyani, mnadhani matusi ya kila siku ndani ya nyumba yanaishia masikioni mwa mtoto? Yanaishia masikioni mwa mke?

Nisogee kwenye jambo ambalo halisemwi. Kuna ugonjwa unaitwa sonona. Wengi wakisikia sonona wanamtafuta mtu anayelia. Kwetu mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na kichwa kinachouma kila siku, mgongo, tumbo kujaa gesi, mwili mzima kuchoka, "nasikia kama mdudu anatembea kichwani." Mtu anakwenda anapima malaria, haipo. Anaambiwa taifodi, anameza dawa. Anaambiwa yutiai, anameza dawa. Anarudi tena taifodi. Hakuna aliyemuuliza kama bado anafurahia kitu chochote. Mkiona mtu kwa wiki mbili au zaidi hana raha na vitu alivyokuwa anavipenda, usingizi umeharibika, chakula hakipiti au anakula kupita kiasi, anajiona hana thamani, kazi ndogo inamshinda, huyo si mvivu. Huyo anaumwa, na anatibika. Na ninyi wenye sukari, mnisikie: mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya sonona mara 2 hadi 3 kuliko asiye nacho. Na akishapata sonona, nguvu ya kupika chakula chake mbali na kujidunga sindano kwa wakati anaitoa wapi?

Wakwe, mama wakwe, hapa nawaomba mnisikilize kwa moyo.

Niliitwa kwenye nyumba moja, barabara ya kuelekea Mombo. Binti amejifungua, yuko kwa mama mkwe, wiki ya tano, bado siku chache arobaini itimie. Nyumba ilikuwa inamtunza kwa desturi zote, sina la kulaumu. Alikuwa anakandwa kwa maji ya moto, uji wa pilipili manga unakuja, supu inakuja. Mtoto ameogeshwa, amepakwa mafuta, amenona, ana wanja. Wageni wanaingia wanasema mashallah, wanamtazama mtoto, wanaweka zawadi, wanatoka. Mimi nikamtazama mama. Nywele hazijasukwa tangu leba. Pembeni yake bakuli la uji, umeganda utando juu, haujaguswa. Anamnyonyesha mtoto huku uso ameugeuzia ukutani. Nikawaomba wote watoke. Nikamuuliza, mwanangu, unajisikiaje? Akakaa kimya muda mrefu. Akasema, "Bibi, namwangalia kama mtoto wa jirani. Wanasema ni wangu, sioni."

Mama mkwe alikuwa anajua amepata mkwe mvivu. Alikuwa anasema kwa sauti, barazani, na binti anasikia.

Siku za kwanza baada ya kujifungua wanawake wengi wanalia bila sababu, na ndani ya wiki mbili hivi inapita. Isipopita, si deko. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi kama zetu karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua anapata matatizo ya afya ya akili, na kubwa lao ni sonona. Mmoja kati ya watano! Hesabuni kwenye benchi mlilokaa. Na ikitokea mzazi anaona vitu visivyokuwepo, anasikia sauti, hajalala siku tatu na anasema mtoto huyu si mtu, hiyo ni dharura, ni hospitali siku hiyo hiyo, na mtoto asiachwe naye peke yake hata dakika moja.

Binti yule tulimpeleka kwa daktari, akaanzishiwa dawa. Lakini nataka niseme alichofanya yule mama mkwe, maana alinishangaza. Alipoelewa kwamba ni ugonjwa, alinyamaza kabisa kwa muda, halafu akasema, "Mimi mzazi wangu wa pili nilikuwa hivi hivi, na mama mkwe wangu alinisema mpaka leo naisikia." Usiku huo akahamishia godoro lake chumbani kwa binti. Mtoto akilia, bibi anambeba, anampa mama anyonye, anamrudisha kifuani kwake ili binti alale. Akamtumia nauli mama mzazi wa binti, akaja. Alasiri wanatoka wote watatu, wanakwenda mpaka barabarani na kurudi. Mtoto huyo sasa anasoma, na mama yake ni mwanachama wa kikoba. Tukipima mtoto uzito kliniki, jamani, tumuulize na mama yake habari zake.

Sasa kaka zangu. Na ninyi vijana.

Mwanamume wa kwetu anafundishwa kujikaza tangu hajaota meno ya pili. Ameanguka, jikaze. Kafiwa na mama yake, jikaze, wewe ndiye mwanamume. Kafukuzwa kazi, jikaze. Sasa mtu anayejikaza miaka thelathini anapumulia wapi? Wengi wanapumulia kwenye pombe. Wengine kwenye ngumi, na anayepigwa ni mke. Wengine hawapumui popote. Duniani kila mwaka zaidi ya watu 700,000 wanafariki kwa kujiua, na wanaume ni karibu mara mbili ya wanawake.

Palikuwa na kijana kwenye kijiwe kimoja, si cha hapa. Pikipiki ni ya mkataba. Akapata ajali, goti likapona, pikipiki ikabaki gereji, hesabu ya tajiri mwenye pikipiki ikalala wiki baada ya wiki. Tajiri anapiga simu, hapokei. Aliacha utani, akaanza kunywa mchana. Asubuhi moja akaja kijiweni na koti lake la mvua na helmeti, akampa mwenzake: "Chukua, mimi sitavihitaji." Wengine wakacheka. Yule mwenzake hakucheka. Akamvuta pembeni akamuuliza wazi wazi, "Una mpango wa kujiua?" Kijana akakaa chini kwenye vumbi akasema ndiyo.

Mwenzake hakumhubiria. Hakumwambia wapo wenye shida kuliko wewe. Alikaa naye pale chini. Akamwita mwenzao wa pili, na hawakumwacha peke yake, hata chooni, mpaka wakamfikisha hospitali. Yuko hai. Anaendesha.

Watu wananiambia, dada, ukimuuliza si ndiyo unampa wazo? Hapana. Hilo limechunguzwa sana, na kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hana. Aliye nalo anapata mahali pa kulitua. Muulize. Ukishamuuliza, baki naye. Na nyumbani, dawa za shamba na za mifugo zifungiwe, ufunguo akae nao mtu mwingine. Sri Lanka walianza kupiga marufuku dawa kali za kuulia wadudu, na kati ya miaka ya 1990 na 2015 vifo vya kujiua vilipungua kwa karibu 70 kwa 100. Shida za watu hazikuisha Sri Lanka. Ile saa mbaya ilipita kwa sababu sumu haikuwa karibu.

Na hapa niseme la sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Kwa hiyo familia inaficha, mtu anatibiwa vidonda na kudanganya vilitoka wapi, na ugonjwa uliomfikisha pale hautibiwi. Wenzetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho. Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikasema kinapingana na katiba. Natamani nasi tufike huko, na mbunge wetu atakapokuja nitamwambia.

Najua lipo swali linanisubiri, maana hapa ni Tanga: na majini je? Sitabishana na imani ya mtu. Msomee dua, muombee, mpake mafuta. Sala inampa mgonjwa nguvu na watu wa kuwa karibu naye. Ila dawa zisisimamishwe. Mtu asifungwe kamba wala minyororo. Asichapwe kutolewa pepo, asinyimwe chakula siku saba. Shehe wangu, mchungaji wangu, mkiwaambia waumini wenu "mlete tumwombee, kisha twende naye hospitali," mtaokoa watu wengi kuliko mimi nilivyookoa kwa sindano. Na kifafa, kwa kuwa huwa mnakichanganya humo humo: ni ugonjwa wa ubongo na hakiambukizwi kwa povu. Wagonjwa hadi 70 kati ya 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzimeza. Akianguka, msogeze mbali na moto, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni.

Na tuache kuyatumia majina ya hospitali za akili, Lutindi na Mirembe, kama matusi. "Huyu wa Lutindi huyu." Lutindi iko wilayani kwetu, huko milimani Usambara. Ilianzishwa mwaka 1896 na wamisionari wa Kijerumani kama makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na mwanzoni mwa karne iliyofuata ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, miongoni mwa hospitali za kwanza za aina hiyo Afrika Mashariki. Kule wagonjwa wanalima, wanachuma chai, wanafanya kazi za mikono, kwa sababu kazi na wenzako ni sehemu ya tiba. Zaidi ya miaka mia moja tiba hiyo iko juu ya vichwa vyetu, na sisi huku chini tunaitumia kumtukania mtu. Mtu akitoka kule amepona, anakuta kitanda chake kimegawiwa na hakuna anayemwachia mwiko wala jembe. Nani anamrudisha kwenye ugonjwa hapo?

Mtasema, dada, madaktari wa akili wako wapi? Ni kweli, ni wachache mno. Zimbabwe nao wanao wachache. Daktari mmoja wa akili wa huko, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake aliyekosa nauli ya kufika hospitali. Mwaka 2006 akaenda Mbare, mtaa wa watu wa kawaida mjini Harare, akawachukua bibi 14. Bibi wa mtaani, wanaojulikana. Akawafundisha kusikiliza, na akaweka mabenchi nje ya zahanati, chini ya miti. Mtu anakuja, anakaa na bibi, anaeleza yote. Bibi hamkatizi. Wakimaliza wanaorodhesha matatizo, mgonjwa anachagua moja tu, wanapanga hatua ya kuanza nayo wiki hiyo. Wiki ijayo anarudi kusema imefika wapi. Matokeo ya utafiti yalitangazwa mwaka 2016: baada ya miezi 6, waliokaa kwenye benchi waliobaki na dalili za sonona walikuwa chini ya 15 kati ya 100. Waliopata huduma ya kawaida, karibu 50. Wazo hilo limefika Malawi na Zanzibar.

Sasa niambieni, bibi wa Mbare wana nini ambacho nyinyi hamna? Ninyi mna kitu ambacho hata zahanati haina. Kila kikundi kimegawanywa watano watano, mnadhaminiana. Kila wiki mnakutana. Daftari linaonyesha nani kaleta hisa na nani hakuleta. Mwanachama akianza kuchelewa, ambaye miaka yote hakuchelewa. Akianza kutuma hisa kwa mtoto badala ya kuja mwenyewe. Akija akakaa karibu na mlango na kuondoka kabla ya dua ya kufunga, wa kwanza kujua duniani ni nani? Ni mweka hazina wenu. Na tunafanya nini? Tunaandika faini. Shilingi elfu moja ya kuchelewa, elfu mbili ya kutofika. Mama wa vitumbua alipigwa faini mwezi mzima kabla hajaulizwa na mtu.

Mwenyekiti, ninaomba jambo lirekodiwe kwenye muhtasari. Katiba za vikundi vyetu zina kifungu cha mfuko wa jamii. Mwanachama akifiwa, mfuko unatoa. Akilazwa, mfuko unatoa. Ninaomba kiongezwe kipengele: mwanachama akihitaji kwenda kliniki ya afya ya akili, yeye au mtoto wake au mwenzi wake, mfuko utoe nauli yake na nauli ya mmoja wa wale watano atakayemsindikiza, bila kutangaza ugonjwa kwenye kikao. Na kwenye kifungu cha faini iandikwe kwamba mwanachama akikosa vikao viwili mfululizo, faini haiandikwi mpaka wawili kati ya watano wake wamemtembelea nyumbani, wamekaa, wamemsikiliza, na wamerudisha taarifa kwa mwenyekiti peke yake.

Maandishi nimemkabidhi katibu, nakala moja kwa kila kikundi. Naomba ipigiwe kura leo tukitoka kula, kabla ya kugawana faida.